Jinsi Alkoholi Ivunjavyo Gundi ya Mti

Watu wengi hushika karatasi kila siku, lakini ni wachache wajuao kazi iliyofanywa kabla mti haujawa karatasi. Mti hufanana na nyumba ya fito na udongo. Fito ni nyuzi za selulosi, nazo ndizo zitakiwazo kwa karatasi. Udongo ni lignini, gundi izishikamanishayo nyuzi hizo. Katika miti mingi ni kama robo ya uzito wa mti mkavu. Atakaye fito nzima hana budi kuuondoa udongo bila kuzivunja.

Mwaka 1932 Theodor Kleinert na Kurt Tayenthal walipewa hati ya Marekani ya kulinda uvumbuzi wao wa kupika miti kwa maji na alkoholi. Mwaka 1989 kiwanda cha majaribio kilianza kutumia njia ya namna hiyo huko Newcastle, New Brunswick, katika nchi ya Kanada.

Vipande vya mti hutiwa katika chombo cha chuma kilichofungwa imara, pamoja na maji na alkoholi, karibu nusu kwa nusu, kisha hupashwa moto hadi kama digrii 190 za sentigredi. Hapo mti wenyewe hutoa asidi ya siki, nayo huanza kuikata lignini. Viungo vingi vya lignini vina oksijeni katikati, na hivyo ndivyo vikatwavyo. Viungo vya kaboni kwa kaboni havikatiki kwa urahisi.

Lakini kukata hakutoshi. Kipande kilichokatwa huwa na ncha iliyo tayari kushika cho chote kilicho karibu. Kikikutana na kipande kingine huungana nacho kwa kiungo cha kaboni, na kazi huwa ngumu kuliko mwanzo. Alkoholi huzuia jambo hilo: huziba baadhi ya ncha hizo, na huyeyusha vipande na kuvitoa katika mti. Hata hivyo, mpishi akizidisha muda, vipande huungana upya, na selulosi nayo huharibika.

Kuosha nako kuna utaratibu wake. Nyuzi zikitiwa maji matupu mapema, lignini huganda tena juu yake. Kwa hiyo huoshwa kwanza kwa alkoholi safi ya moto, ndipo maji yafuate. Mchuzi uliobaki ukizimuliwa kwa maji, lignini hutuama kama unga wa kahawia, na alkoholi hukusanywa kwa mvuke ili itumike tena.

Basi kazi ya mpishi wa mti si kuvunja tu, bali ni kukiondoa kilichovunjwa kabla hakijaungana tena.