TUPIME MZABIBU KABLA YA KUKATA PINGILI

Sisi wakulima wa zabibu Dodoma hupanda pingili. Pingili ikiwa na virusi, mzabibu mpya nao utakuwa navyo.

Tuchukue ugonjwa wa kukunja majani. Kwenye zabibu nyeusi, majani hugeuka mekundu, mishipa hubaki kijani na kingo hujikunja chini. Mazao hupungua, sukari nayo hupungua. Wadudu weupe kama unga hueneza virusi hivyo. Lakini mzabibu waweza kuonekana mzima, kumbe mgonjwa! Macho peke yake hayatoshi.

Je, wataalamu hupimaje? Husaga kipande cha jani au cha tawi, wakatoa chembe za urithi. Kisha mashine ya kipimo kiitwacho PCR huchemsha na kupoza, zamu kwa zamu. Kama virusi vimo, nakala za urithi wake huongezeka: 1 huwa 2, 2 huwa 4, 4 huwa 8. Kwa hesabu hiyo, zamu 30 huzidi nakala 1,000,000,000. Hapo kilichojificha huonekana.

Mzabibu mgonjwa hauna dawa ya kuuponya shambani. Basi tung'oe mgonjwa, na pingili tukate kwenye mizabibu iliyopimwa.

Maswali
1. Kwa nini macho hayatoshi?
2. Baada ya zamu 5, nakala 1 huwa ngapi?