Springi Fupi na Mkao wa Gari

Msomaji, ukisimama kando ya barabara itokayo Dzaleka kwenda Lilongwe, utaona magari yaliyoketi mkia chini kwa uzito wa abiria na magunia. Utaona na mengine, yakirudi matupu, yameinua mkia kama panzi. Mwenye gari la namna hii hutamani lilale sawasawa, naye huenda kwa fundi kuomba springi fupi. (Waliotoka Kongo huziita resori, kwa Kifaransa, kitu ni kilekile.) Watu hudhani jambo hili ni la urembo tu, kumbe lina hesabu ndani yake, na hesabu yenyewe tumekwisha kuisoma darasani.

Robert Hooke, Mwingereza, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1678 kwamba springi hushuka kwa kadiri ya uzito inaobebeshwa. Haya, tuseme springi moja ya nyuma hushuka milimeta 1 kwa kila kilo 3, na gari tupu huibebesha kilo 300. Imeshuka milimeta 100. Tuseme tena kwamba zimebaki milimeta 70 kabla ekseli haijagonga mpira wa kuizuia. Abiria na mizigo wakiongeza kilo 100 juu ya springi hiyo, itashuka 33 zaidi, na nafasi itabaki 37. Kwa shimo la kawaida inatosha.

Sasa weka springi iliyo fupi kwa milimeta 30, yenye ugumu uleule. Gari tupu litapendeza macho, lakini likipakiwa nafasi itabaki milimeta 7! Kila shimo litapiga mpira, na pigo litafika kwenye mwili wa gari na migongoni mwa abiria. Ndiyo sababu springi fupi zilizotengenezwa vizuri huwa ngumu zaidi. Ikihitaji kilo 4 kwa milimeta, mzigo uleule utaishusha 25, na nafasi itabaki 15. Ni afadhali, ingawa si nyingi, na gari tupu litarukaruka.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, pima. Gari lisimame mahali tambarare, upepo wa matairi uwe sawa, kisha pima kutoka katikati ya kila gurudumu mpaka ukingo wa bodi ulio juu yake. Pima likiwa tupu, upime tena likiwa na mzigo wake wa kila siku. Mara nyingi utakuta gari lililoinua mkia hulala sawa likipakiwa, maana mtengenezaji alikusudia hivyo. La namna hiyo, kwa maoni yangu, liachwe. Na kama kushoto na kulia hakulingani, dawa si springi fupi. Tafuta iliyochoka au kuvunjika.

Wako mafundi wanaokata springi ya duara kwa msumeno. Yenye mizunguko 8 ikikatwa mmoja huwa ngumu zaidi kwa sehemu moja katika saba, na yaweza kuchomoka mahali pake gurudumu likining'inia. Kuichoma moto ni vibaya zaidi, kwa kuwa chuma hupoteza ugumu wake, kikalegea upande mmoja au kuvunjika safarini. Kwenye pikapu zenye vyuma bapa vilivyopangwa, kutoa kimoja hushusha mkia, lakini kubeba nako hupungua.

Jambo la breki wengi hawalijui. Baadhi ya pikapu na mabasi madogo yana valvu iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, nayo hupima mzigo kwa jinsi bodi ilivyoshuka. Ukishusha mkia, valvu hudhani gari limepakiwa, ikazidisha breki za nyuma. Siku ya mvua, gari likiwa tupu, magurudumu hayo hukwama na mkia ukateleza kando. Mwambie fundi aisawazishe valvu hiyo pamoja na taa za mbele, kisha pima tena baada ya siku chache, kwa maana springi mpya hushuka kidogo zikizoea mzigo.