Nyumba Yenu Inasema Nini?



Katika familia nyingi mapambo ya nyumba huachiwa mama, naye baba husema kwamba hayo ni ya kupoteza pesa tu. Somo letu la leo linaonyesha kwamba kitambaa, picha na ua vinaweza kukuza upendo wa mume na mke, au vikaficha upungufu wake.

Msingi wa imani

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliitaja familia kuwa kanisa la nyumbani. Tena Waisraeli walipotengeneza hema la Mungu jangwani, wanaume kwa wanawake walileta dhahabu, mbao na nyuzi za rangi, kila mmoja kama moyo wake ulivyomtuma (Kut 35:20-29). Basi kupamba makao ni kazi ya wote wawili.

1. Pambeni kwa ajili yenu, si kwa wageni tu

Hapa Nakuru, hata katika chumba kimoja cha kupanga kule Kaptembwo, utakuta makochi yamefunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na pazia limegawa chumba. Mbele ya pazia kila kitu kinang'aa. Nyuma yake kuna kitanda, gunia la mahindi, nguo chafu na blanketi kuukuu. Katika nyumba kubwa nako, vikombe vizuri hufungiwa kabatini mpaka mgeni aje, huku mume na mke wakinywea chai katika vikombe vilivyokatika mikono.

Je, mgeni ana thamani kuliko mwenzi wako? Mke hodari wa kitabu cha Mithali hujitengenezea matandiko yake mwenyewe (Mit 31:22). Anzeni na mahali mnapolala. Ondoeni gunia, tandikeni shuka safi, na tundikeni picha ya arusi yenu mahali mtakapoiona mkiamka. Usiku wa Julai kwetu ni baridi. Pazia zito dirishani na mkeka kando ya kitanda vitaleta joto.

2. Ukuta uwe wa wote wawili

Tazameni picha zilizo ukutani. Zikiwa za jamaa za mume peke yao, mke huishi kama mpangaji kwake mwenyewe. Jambo hili ni zito zaidi katika Bonde la Ufa, ambako ndoa za makabila mbalimbali ni nyingi. Ghasia za mwaka 1992, na zile za mwanzoni mwa 2008, ziliwagawa majirani, na maneno yake machungu yaliingia hata katika ndoa. Kwa hiyo kibuyu cha mursik chenye shanga, kikitundikwa karibu na kiondo kilichosukwa na bibi wa upande wa pili, si urembo mtupu. Watoto wanajifunza bila kuhubiriwa kwamba pande zote mbili ni kwao.

3. Msinunue ugomvi

Makochi ya mkopo yanayomfanya mtoto afukuzwe shule kwa kukosa karo hayaleti furaha. Chipukizi la ua kutoka kwa jirani, likipandwa katika mkebe wa Kimbo, halina gharama. Vumbi la Nakuru mnalijua: vitambaa viwili vinavyofuliwa kila Jumamosi hupendeza kuliko kumi vilivyojaa vumbi. Baba naye apigilie rafu na kubadilisha balbu iliyoungua. Mke huona upendo katika mambo hayo madogo.

4. Mahali pa sala

Tengeni pembe moja kwa ajili ya msalaba, picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu na tawi la Jumapili ya Matawi. Lakini msiposali pamoja hapo, vitu hivyo vitakuwa sawa na kalenda ya mwaka jana.

Maswali ya kujadiliana mkiwa wawili

1. Ni kitu gani nyumbani mwetu kinachokukumbusha kwamba nakupenda?
2. Je, watu wa kwenu wakija, wataona dalili yoyote kwamba hapa ni kwako pia?
3. Tutabadilisha nini wiki hii bila kukopa?

Kila mmoja ajibu, na mwenzake asikilize bila kumkatiza. Halafu fanyeni jambo moja pamoja kabla ya Jumapili. Mungu abariki makao yenu.