Mkopo wa Dhamana ya Serikali: Dhamana Ni Yako au Ni ya Benki?

Tuseme unaishi Kayole na wikendi unabebea wachezaji mifuko ya gofu pale Railway Golf Club. Umeona fimbo nyingi raba za kushikia zimeisha, na unajua mipira iliyotumika haikosi wanunuzi. Unataka kuanza biashara yako: kubadilisha raba, kuuza mipira safi, labda na viatu vya mitumba kutoka Gikomba. Mtaji utoke wapi? Mtaani utaambiwa, "si uchukue ya serikali!" Sawa, lakini ipi? Ziko kadhaa, na hazifanani.

Tuanze na hii inayochanganya watu wengi. Mwaka 2020 serikali iliweka Mpango wa Dhamana ya Mikopo kwa biashara ndogo. Anayekukopesha hapa ni benki. Serikali inaiahidi benki kwamba mteja akishindwa kulipa, itabeba sehemu ya hasara. Soma tena hapo: ahadi ni kwa benki, si kwako. Ukikwama, deni bado ni lako, benki itakutafuta, na jina lako linaweza kufika CRB. Faida unayopata ni kwamba benki inaweza kulegeza kamba kidogo kwenye mambo ya hati ya shamba au logbook, vitu ambavyo wengi wetu Eastlands hatuna. Lakini bado itataka kuona biashara inayotembea, sio wazo tu.

Hustler Fund ni kitu kingine kabisa. Ilizinduliwa Novemba 2022, na unaomba kwa simu kupitia *254#. Mkopo wa mtu binafsi huanzia shilingi 500 hadi 50,000 kulingana na limiti yako, riba ni asilimia 8 kwa mwaka, na unalipa ndani ya siku 14. Piga hesabu ya 10,000: asilimia 5, yaani 500, inaenda kwenye akiba yako, kwa hivyo mkononi unapata 9,500. Riba ya siku 14 ni kama shilingi 31 tu. Kusema kweli, hiyo ni bei poa sana.

Shida iko kwenye zile siku 14. Ukinunua mipira Alhamisi na kuimaliza Jumapili, mkopo huu unakufaa. Ukinunua vifaa vya kubadilisha raba, ambavyo vitajilipa baada ya miezi mitatu, utatafutana. Na mvua ya Aprili ikinyesha wiki mbili mfululizo, nani atacheza gofu? Siku zinahesabiwa tu, na ukichelewa riba inapanda hadi asilimia 9.5.

Kwa vifaa, afadhali mujiunge kama kikundi. Kama mko vijana kadhaa mnaofanya kazi hiyo hiyo, sajilini kikundi na muulize kuhusu Uwezo Fund kwenye eneo bunge lenu, iwe ni Makadara, Kamukunji au mojawapo ya yale ya Embakasi. Hiyo haina riba, ila kuna ada ya usimamizi ya asilimia 3, na lengo lake ni vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Chagueni wenzenu vizuri, kwa sababu mmoja akihepa, wengine mnabaki na mzigo.

Halafu kuna wale wa kukupigia: "Mkopo wako wa serikali umepita, tuma 1,500 ya kushughulikia fomu." Usitume. Kwa Hustler Fund, makato yanatoka kwenye mkopo wenyewe, hakuna kumtumia mtu pesa kwa nambari yake. Na PIN yako usimpe yeyote, hata akijua jina lako lote na la mama.

Kabla ya kwenda benki, chukua nambari ya till na upokee malipo yote ya biashara hapo, hata ya mpira mmoja wa shilingi 50. Pesa ya rent na ya kutumia nyumbani ikae kando. Baada ya miezi sita, omba taarifa ya malipo na uibebe. Afisa wa mikopo akiuliza unauza kiasi gani kwa wiki, mwonyeshe hiyo.