Dondoo muhimu: Kuandaa pawatila kuukuu kwa bonde la mpunga

Katika mabonde ya mpunga ya Pemba, kama Tibirinzi karibu na Chake Chake, pawatila kuukuu hutengenezwa kabla ya masika, yanayoanza Machi. Kazi huanza kwenye injini, ikiwa imezimwa: maji na taka humwagwa kutoka tangi la dizeli, kichujio cha hewa husafishwa, mikanda hubonyezwa kwa kidole gumba. Ikibonyea zaidi ya sentimita 2 hivi, hukazwa. Mmoja ukichanika, yote hubadilishwa pamoja, kwani mpya ukiwekwa kati ya iliyolegea hubeba mzigo peke yake na kuisha upesi.

Balaa kubwa ni sili za ekseli. Maji ya bondeni yakipenya, mafuta ya giaboksi hugeuka meupe kama maziwa. Kubadilisha mafuta bila kubadilisha sili ni kutupa fedha. Beringi ndizo zitakazofuata.

Magurudumu ya mpira huteleza kwenye tope, hivyo hufungwa ya chuma yenye mabawa. Fundi wa kuchomelea anaweza kuyaunda kwa nondo na vyuma vya pembe, ilimradi yote mawili yawe na kipenyo na uzito sawa. Yakitofautiana, mashine huvuta upande mmoja, na anayeumia ni dereva. Barabarani hayafai: huharibu lami na kutikisa giaboksi.

Jioni, injini ikishapoa, mashine huoshwa kwa maji matamu, kisha vyuma hupakwa grisi. Hewa ya kisiwani ina chumvi, na boliti kavu hushika kutu haraka.