NAMNA YA KUOMBA RUHUSA YA KUZURU IKULU

Walimu na wazazi wengi hutamani watoto wao waione Ikulu ya Nairobi. Nia hiyo ni njema, kwa kuwa nyumba ile imo katika historia yetu. Ilijengwa mwaka 1907 iwe makao ya Gavana. Na tangu Kenya ilipokuwa Jamhuri, tarehe 12 Desemba 1964, ni makao rasmi ya Rais. Lakini yafaa ijulikane ya kwamba Ikulu ni mahali palindwapo kwa sheria, wala mtu haingii pasipo idhini.

Natutwae mfano wa shule moja ya Suneka. Kutoka huko hadi Nairobi ni mwendo wa kilomita 300 hivi. Wazazi wakiuza ndizi na majani ya chai ili kukodi basi, kisha watoto wakafika langoni bila barua, watarudi wameona ukuta tu, na fedha zimekwisha potea. Basi yafuatwe haya:

1. Mwalimu mkuu amwandikie Msimamizi wa Ikulu miezi kadhaa mbele. Ataje jina la shule, idadi ya wasafiri, sababu ya safari, na tarehe mbili au tatu zinazowafaa.

2. Majina ya wote yaandikwe sawasawa kama yalivyo katika vyeti vyao.

3. Basi lisilipiwe kabla ya jibu la maandishi kufika. Kupiga hodi si kukaribishwa.

4. Mtu akijidai kuuza kibali, asipewe hata senti moja.

5. Shughuli za nchi zaweza kuivunja ahadi. Kwa hiyo pawekwe mahali pa pili pa kuzuru siku hiyo, kama vile Makumbusho ya Nairobi.

Wala utaratibu si wa kwetu peke yetu. Huko Marekani, raia atakaye kuzuru White House hupeleka ombi kwa mjumbe wake wa Bunge, wala halipi ada. Huko Uingereza, jumba la Buckingham hufunguliwa wakati wa kiangazi kwa wenye tiketi. Desturi hiyo ilianza mwaka 1993, ili kusaidia gharama za kutengeneza ngome ya Windsor iliyoungua mwaka 1992.

Nyumba ya mkuu wa nchi ni fahari ya raia wote, wa mjini na wa shamba. Barua iliyoandikwa vema, na mapema, ndiyo njia ya kuikaribia kwa heshima.