Jibwa la mbio nyumbani Mtera

Ukimfuga ridgeback au mbwa mwingine mkubwa wa uwindaji hapa Mtera, kando ya bwawa, zoea kuamka alfajiri. Ridgeback ni mbwa wa kusini mwa Afrika. Vigezo vyake viliandikwa Bulawayo mwaka 1922, na dume huweza kuzidi kilo 36. Ukimfunga mnyororo chini ya mbuyu kutwa nzima atabweka, atachimba, mwisho atang'ata mtu.

Mtembeze kabla jua halijachomoza na tena likishazama. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, hujipoza kwa kuhema. Ukiona anahema bila kutulia, ute umekuwa mzito na miguu inayumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, kisha umtafute daktari wa mifugo. Mchana, gusa lami kwa kiganja. Ikikuunguza, nyayo zake zitaungua pia.

Usimpeleke bwawani kuoga wala kunywa. Bwawa lina mamba, na mbwa anayelamba maji ukingoni ni windo jepesi. Hatari nyingine ni mbuzi wa majirani: mbwa wa mbio akiona kitu kinakimbia, miguu hutangulia akili. Mshike kwa kamba ndefu, mwite, akija mpe kipande cha nyama. Rudia kila siku hadi aitike hata mbuzi wakipita, ndipo umwachie.

Ugali mtupu haumtoshi. Changanya na dagaa, nyama iliyopikwa au perege aliyetolewa miiba, umlishe mara mbili kwa siku, na akishiba apumzike. Kuhusu mahindi yenye ukungu, wengi husema, "Hayo mpe mbwa." Hapana! Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara, na mbwa nao huuawa nayo kwa kuharibika ini. Kupika hakuiondoi. Kayafukie, kuku nao wasiyaone.

Chanjo ya kichaa cha mbwa mpatie akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Muulize afisa mifugo wa kata. Mbwa akimng'ata mtu, hata kama jeraha ni dogo, lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu huyo aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Watoto wadogo wasiachwe naye peke yao, wala wasimsogelee anapokula, hata kama ndio wanaomwekea chakula.